Nyasi Zilizoingia na Umande

Nastasia aliisukuma nondo ya chuma ndani ya nyasi mpaka ikabaki ncha ya kushikia tu, akangoja kwa muda wa sala moja fupi, kisha akaichomoa na kuipitisha kiganjani. Akaiachia papo hapo. Nondo ilianguka kwenye sakafu ya mbao kwa kishindo, na ng'ombe wawili waliofungwa zizini chini ya ghala, Joiana na Mandra, wakainua vichwa kutaka kujua huko juu kuna nini. Nastasia alisimama akikipuliza kiganja. Jana nondo ilitoka na uvuguvugu. Leo iliunguza.

Na ile harufu! Tamu, nzito, kama tumbaku iliyolowekwa asalini. Mgeni angeivuta akasema, lo, ghala hili linanukia vizuri. Lakini mtu aliyezaliwa katika milima ya Maramuresh hahitaji kuambiwa. Nyasi zikiingizwa ghalani na unyevu hujipika zenyewe kwa ndani, kimya kimya, na zikichoka kupika huwaka. Ghala likiwaka huondoka na zizi, na zizi huondoka na nyumba iliyopakana nalo, kwa sababu vyote ni mbao tupu kuanzia kizingiti hadi paa. Nastasia hakuwa na ghala jingine, wala nyumba nyingine.

Kosa lake alilijua. Miaka yote aliyeamua siku ya kuingiza nyasi alikuwa mumewe, Gavrila. Mtu yule alikuwa akishika konzi ya nyasi, akaikunja karibu na sikio, akasikiliza inavyovunjika, kisha akasema "bado" hata kama mawingu yameshakalia vilima. Gavrila alifariki wakati wa Kwaresima. Mkato wa kwanza wa nyasi, wa kiangazi, Nastasia aliukausha bila taabu, maana jua lilikuwa la kumwaga. Mkato wa pili ndio uliomwonyesha cha mtema kuni. Majani ya miti yakianza kupukutika, jua la kule huwa la kuonjeshwa tu: asubuhi umande, jioni ukungu. Alipoona mvua inajikusanya upande wa kaskazini, alizishusha nyasi kutoka kwenye miti ya kuanikia, akazipandisha ghalani peke yake mchana kutwa, huku akijua kabisa kwamba zile za chini bado ni laini. Akajisemea zitamalizia kukauka humo humo. Kila mkulima wa bonde lile amewahi kujidanganya hivyo, na wenye bahati ni wale waliokuwa na mtu wa kuwakatalia.

Sasa mbona hakuita watu? Hapo ndipo penye mambo. Siku ya arobaini ya marehemu, shemeji yake Grigore, mdogo wake Gavrila, alisema mezani mbele ya kijiji kizima, "Shemeji, uza ng'ombe, uende kwa binti yako mjini. Kidole kimoja hakivunji chawa." Labda alisema kwa uchungu wa msiba, labda kwa ile pombe kali ya plamu. Nastasia alimjibu kwa sauti iliyotulia, "Siku nikikuhitaji, Grigore, nitakuja kukuita. Na ninyi wengine nawaomba, mtu asiingie uani kwangu bila kuitwa."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia. Watu wa kule huheshimu neno la mwenye ua, hata likiwa la kijinga. Nastasia alichimba viazi peke yake, akakata kabichi na kuzitia chumvi kwenye pipa, akapika plamu mpaka zikawa nyeusi na nzito, akapanga kuni ukutani hadi usawa wa madirisha. Kila kazi ilipokwisha alitafuta kisingizio cha kupita karibu na uzio wa Grigore, kidevu juu. Nyasi nazo alizitangaza kanisani, watu wakitoka ibadani: "Zangu ziko ndani. Nimeziingiza mwenyewe." Walimpongeza. Sasa angewaambia nini?

Alifikiri kuzitoa mwenyewe, kidogo kidogo. Lakini nyasi zilizopata moto hazifunguliwi na mtu mmoja. Hewa ikiingia kabla hujafika kiini, zinakulipukia usoni. Zinataka kutolewa kwa mkupuo, watu wengi, na wengine wamesimama na ndoo. Aliketi kwenye ngazi ya ghala akalia. Aliogopa moto na aliogopa aibu, na kwa kitambo hakujua kipi kinamtisha zaidi. Kule chini Joiana, mwenye mimba ya miezi kadhaa, aliendelea kucheua bila habari. Mficha maradhi, kilio humfichua, Nastasia aliwaza, na kilio chenyewe kitakuwa cha ng'ombe. Akajifuta uso kwa aproni, akatoka. Juu ya paa, katikati ya vigae vya mbao, mvuke ulikuwa ukipenya kwenye baridi ya asubuhi.

Grigore alikuwa pale pale alipokuwa jana, kwenye uzio uliotenganisha nyua zao, nyundo mkononi.

"Grigore."

"Naam, shemeji."

"Nyasi zangu zimepata moto."

Aliiweka nyundo chini taratibu. Nastasia alilingoja lile neno, "nilikuambia." Alikuwa ameshalikazia mabega.

"Kiasi gani?" Grigore aliuliza.

Akamwonyesha kiganja. Grigore alikitazama, akapiga mluzi mdogo.

"Umemwita nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Mimi nina mikono miwili, na mmoja una baridi yabisi. Kaite watu."

"Nenda wewe. Wewe wanakusikiliza."

"Siwezi. Kazi yako, mwito wako. Mlango ulioufunga kwa mdomo wako, nitaufunguaje kwa mdomo wangu? Mimi natoa ng'ombe na kuvuta maji. Nenda, shemeji, usisimame hapo unanitazama kama mchumba."

Akaenda. Lango la kwanza lilikuwa la Bibi Palaga, ajuza aliyekuwa akichambua maharage barazani. Nastasia alikuwa ametunga maneno njiani, maneno ya heshima yenye kichwa na mkia, lakini kabla hajayafikia aliona ndoo. Zilipangwa pembeni mwa lango, zimejaa maji hadi ukingoni. Juu ya moja lilielea jani la mti.

"Bibi," alisema, "nimekuja kuomba msaada. Nyasi zangu..."

"Tunajua, mwanangu. Tuna pua." Bibi Palaga aligeuka akapaza sauti kuelekea ndani. "Todor! Ameita!"

Todor, mwanawe, alitoka akiwa ameshavaa buti.

Lango la pili, ndoo zimejaa. Lango la tatu, ndoo, na reki zimeegemezwa ukutani kama zinangoja mazishi. Nastasia aliacha kueleza. Alisema tu "njooni, jamani," na watu wakaja. Kwenye lango la mwisho alitoka Irina, mke wa mkulima mwenye mizinga ya nyuki, akifunga kilemba.

"Mlijua tangu lini?" Nastasia alimuuliza.

"Tangu juzi. Mume wangu alisema, tungoje mpaka tuungue sote? Grigore akasema, leo jua likizama kama hajaita, tunaingia, atutukane apendavyo."

"Grigore alisema?"

"Dada yangu, kipande kile cha uzio hata mtoto anakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wewe ulidhani anajenga ngome? Amekaa pale analinda ghala lako. Mkewe anampelekea supu kwa bakuli."

Nastasia alisimama katikati ya njia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kisha ikamshuka, na pale ilipokuwa pakabaki wepesi. Alikuwa kama mtu aliyetembea safari nzima na mzigo kichwani, kumbe nyuma yake kuna aliyekuwa akiushikilia kwa mkono.

"Twende," Irina alisema. "Utalia baadaye, nitalia nawe."

Kazi yenyewe ilikwenda haraka. Wengine walipanda ghalani, wengine wakatanda uani, nyasi zikawa zinatupwa kutoka mlangoni bila kupumzika, na waliokuwa chini walizikokota kwa reki mpaka bustani ya miplamu. Kadiri walivyochimba, nyasi zilibadilika rangi: kijani, kahawia, kisha nyeusi kama kahawa iliyoungua. Moshi ukaanza. "Maji!" Todor alisema bila kupiga kelele, na ndoo zikapanda kwa mnyororo wa mikono. Moto ulichungulia mara moja tu, usiozidi ukubwa wa kofia, ukalamba nyusi za Grigore kabla hajamwagiwa maji kichwani, yeye na moto wake. Baada ya hapo sakafu ilionekana. Nastasia aliikanyaga, akaigusa kwa mikono yote miwili. Mbao zilikuwa nzima.

Bustani nzima ilifuka mvuke. Watu walikaa chini ya miplamu, nyuso nyeusi, wakianza kuchekana.

"Robo imekwenda," Grigore alisema akijikamua maji kwenye ndevu. "Mwezi wa pili zitakuishia. Basi Mandra atahamia kwangu mpaka majani yaote. Ila maziwa tunagawana. Mimi sifugi wageni bure."

"Si ulisema niuze ng'ombe?"

"Nilisema. Nilikuwa nimefiwa na kaka, halafu nimelewa. Ukitaka niseme mbele za watu kwamba nilikosea, ngoja nilewe tena."

Nastasia alicheka. Kicheko kilitoka kikubwa kuliko alivyokusudia, kikageuka kilio njiani, kikarudi kuwa kicheko. Hakuna aliyemwuliza ni kipi.

Zikafuata siku za upepo mkavu, na kila aliyepita alizigeuza nyasi kwa reki bila kungoja kualikwa. Todor alipouliza kama wazirudishe ndani, Nastasia alishika konzi, akaikunja karibu na sikio. "Bado," alisema. Mawingu yalikuwa yanashuka. Watu walitazamana, lakini walingoja. Kesho yake saa za alasiri alisikia kile alichokitaka, akaenda mwenyewe lango kwa lango, na kufikia machweo ghala lilikuwa limejaa na mlango umefungwa.

Jioni hiyo chumba chake kilifurika. Kulikuwa na ugali wa moto na jibini ya kondoo, na chungu cha kabichi zilizoviringishiwa nyama. Kule mwenye nyumba haketi mpaka wageni washibe, hivyo Nastasia alizunguka na upawa, akiongeza hapa, akilazimisha pale. Alipofika karibu na jiko, Irina alimvuta ukingo wa sketi.

"Kaa kidogo, hatutakimbia na sahani zako."

Alikaa ukingoni mwa benchi, kwa nia ya kuinuka mara moja. Joto la jiko lilimpata mgongoni. Alimsikia Grigore akisimulia habari za nyusi zake, na moto katika simulizi hiyo ulikuwa umeshafikia ukubwa wa fahali. Alisikia mtu akiomba chumvi. Kisha upawa ulimlegea mkononi, na Irina akaupokea kabla haujaanguka.

"Shemeji," Grigore aliita kutoka upande wa pili, "chungu kimekauka au umetuchoka?"

"Shh," Bibi Palaga alisema.

Walimtazama. Nastasia alikuwa amelala akiwa ameketi, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, mbele ya wageni. Irina aliinuka akaanza kugawa chakula. Waliobaki walirudi kwenye sahani zao, wakitafuna polepole, wakipeana ugali kwa ishara. Todor alikwenda dirishani, akarudi akamnong'oneza Grigore kwamba nje theluji imeanza. Habari ilizunguka meza kwa minong'ono, mtu hadi mtu, ikafika kwa Nastasia ikakoma, maana hakuna aliyetaka kumwamsha.