Chembe ya Pilipili Katika Maji ya Mwisho

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya jopo kutetea utafiti wangu, sauti ilinikauka. Walimu walinitazama, nikatazama viatu vyangu, mpaka mmoja wao akafunika kalamu yake. Nilipewa nafasi moja tu zaidi, majira ya kuchipua. Nikishindwa tena, ningeondolewa chuoni.

Profesa Ma, msimamizi wangu, alinihurumia. Alinishauri nipande mlimani kwenye monasteri ya watawa wa kike wa Kibudha, niwaombe washuke walale ndani ya mashine yetu ya kupiga picha za ubongo. Picha nzuri, alisema, zingezungumza kwa niaba yangu.

Nilichokuwa nachunguza ni "mimi". Zipo sehemu katikati ya ubongo zinazochangamka mtu anapojisimulia habari zake mwenyewe: nani kanisema, nimeonekanaje, kesho itakuwaje. Wataalamu wameandika kwamba kwa waliozoea kutafakari sehemu hizo hutulia. Nilitaka kujua zinatuliaje. Mimi mwenyewe sikuwahi kukaa kutafakari hata siku moja.

Mkuu wa monasteri, Myoan Sunim (Sunim ndivyo watawa wanavyoitwa kwa heshima), alinipokea jikoni akimenya figili. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mafungo ya majira ya baridi yameanza, hashuki mtu mpaka theluji iyeyuke. Nikipenda, nikae nao.

"Unataka kujua utamu wa mchuzi kwa kukipiga picha chungu," alisema. "Chukua kijiko kwanza, binti."

Nikakaa. Nilijiapiza kwamba sitashuka bila wao.

Tulikaa tumeelekea ukuta, juu ya sakafu iliyopashwa moto kwa chini, na mlio wa kibao cha mwanzi ndio uliotuanzisha na kutumaliza. Myoan Sunim alinipa swali moja la kukaa nalo: hiki ni nini? Halikuwa la kujibiwa. Nililiuliza juu ya chochote kilichonijia, na kwa muda mrefu kilichonijia kilikuwa magoti. Doyun Sunim, mtawa wa rika langu aliyekaa kushoto kwangu, aliniambia magoti yangu yanapiga kelele kuliko kengele.

Magoti niliyaweza. Kilichonishinda kilikuwa chakula.

Kule watu hula kimya, kila mmoja na bakuli zake. Mwishoni unabakiza kipande kimoja cha kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, unasugulia nacho bakuli pamoja na maji ya moto, kisha unakila na kuyanywa maji yale. Ndipo unasuuza mara ya mwisho kwa maji safi, na hayo humiminwa kwenye ndoo inayopita kwa wote. Maji ya ndoo ni ya mizimu yenye njaa, ambayo koo zake ni nyembamba kama uzi. Chembe moja ya pilipili huichoma kama kaa la moto. Kwa hiyo ndoo ikionekana na uchafu haimwagwi; hurudishwa, na ukumbi mzima huyanywa maji hayo.

Siku moja niliona chembe ya pilipili imeganda ubavuni mwa bakuli langu. Ningeweza kuisugua. Lakini ndoo ilikuwa imeshafika, Doyun Sunim, aliyeibeba, ameinama ananingoja, na sikuweza kustahimili mstari mzima unisubiri mimi. Nikamimina.

Myoan Sunim alichungulia ndani ya ndoo, akamwangalia aliyeibeba.

"Imetoka kwa mgeni," alisema Doyun Sunim, kama mtu anayesema nje kuna baridi.

Ndoo ikarudi. Kila mmoja akachota fungu lake, akanywa. Kibao kilipolia, mtawa mkongwe kuliko wote, ambaye meno yake yamebaki ya kuhesabika, alisema afadhali, tangu mafungo yaanze hajaonja pilipili ya maana. Ukumbi ukacheka. Mimi niliyasikia nikiwa mlangoni, natoka.

Myoan Sunim alinikuta nafunga mkoba. Aliketi kwenye kizingiti, akajipangusa mikono kwenye nguo yake ya kijivu, akauliza ninakwenda wapi.

"Nimewaaibisha, Sunim."

"Sisi tumekunywa maji tu. Hiyo aibu unayo wewe. Hebu nieleze, kama unavyoeleza habari za mashine yako. Usiruke kitu."

Nilimweleza. Masikio yanawaka. Tumbo limejikunja. Halafu kuna sentensi inazunguka kichwani: wote wananitazama mimi.

"Masikio ni masikio, na tumbo ni tumbo," alisema. "Sasa hiyo sentensi, isikilize vizuri. Hiki ni nini?"

Nikaisikiliza. Nilipoitegea sikio, ilikatika. Kwa kitambo kifupi masikio yalibaki ya moto tu, na moto ule haukuwa wa mtu yeyote. Ulikuwa kama jiko ambalo hakuna anayelichochea. Kisha sentensi ikaanza upya.

"Imerudi," nikasema, karibu kulia.

"Itarudi sana. Basi na wewe rudi ukumbini."

Nilifungua mkoba.

Kwenye mlo uliofuata niliona chembe nyingine. Ndoo ikafika. Nilimwomba Doyun Sunim asubiri kidogo. Niligeuza bakuli kwenye mwanga, nikasugua, nikanywa, nikasuuza tena. Mstari ulingoja. Masikio yaliwaka kuliko mara ya kwanza, na sentensi ikapiga kelele, lakini mkono haukuharakisha. Tulipotoka, Doyun Sunim aliniambia kwa kasi ile mizimu itakufa njaa mara ya pili.

Nilibaki mpaka theluji ilipoyeyuka. Myoan Sunim alishuka pamoja na watawa wengine, wakalala ndani ya mashine mmoja mmoja na kusikiliza maneno ya kuwasifu na ya kuwakashifu. Alipotoka alisema kelele za mashine ni mbaya kuliko magoti yangu.

Siku ya jopo Profesa Ma aliniambia nisijali, nionyeshe picha tu. Lakini picha hazikuwa alizozitarajia. Mwalimu yule wa kalamu aliegemea mbele, akasema anaona sehemu ile imewaka kwa huyu mtawa mkuu alipotukanwa. Basi kutafakari kote kumemsaidia nini?

Wote walinitazama. Masikio yakawaka, sentensi ikaja. Hiki ni nini? Niliiacha iseme, nikasema na mimi.

"Imewaka, Mwalimu, kama ingewaka yangu na yako. Tazama ilivyozimika haraka. Kwa wasiotafakari inaendelea, kwa sababu mtu anaichochea kwa kujisimulia. Yeye hakuichochea. Watawa ni wachache na siwezi kudai kwamba nimethibitisha. Ila nilichokiona ndicho hiki."

Aliuliza kama sikuwa na picha safi zaidi ya kuonyesha.

"Ninazo, zilizopigwa ilipokwisha kuzimika," nilisema. "Hii ndiyo ya kweli."

Alifunua kalamu yake, akaanza kuandika. Masikio yangu yalikuwa bado ya moto. Nikaomba picha inayofuata.