Wamalize Kwanza

Mwanawe alitundika shuka katikati ya chumba, kutoka msumari wa dirishani hadi wa mlangoni, akakigawa chumba pande mbili. Upande wa kitanda ukawa wa mama. Upande wa jiko na ndoo ukawa wake na mkewe, wakatandika mkeka. Mama alijifanya haoni jinsi mkwewe alivyosogeza viatu ili apate pa kulaza kichwa. Alikuwa amefunga safari na neno moja tu kifuani, nalo lilikuwa la mjukuu.

Kesho yake mwanawe, fundi wa marumaru, alipokwenda kazini, wanawake wawili walikaa uani, beseni la nguo kati yao. Mkwe alishona kola katika kiwanda cha mashati. Siku hiyo alikuwa na mapumziko, lakini vidole vyake havikujua kutulia.

"Mwanangu," mama alianza kwa utani, "mumeo anapamba sakafu za majumba ya watu. Hii yenu atailetea lini mtu wa kutambaa juu yake?"

Mkwe alicheka, kicheko kikaishia njiani.

"Kama kuna tatizo, niambie. Mimi si mtu baki. Kuna daktari mmoja wa kina mama, nasikia anasifiwa sana..."

"Siumwi, mama."

"Basi ni yeye?"

"Wala yeye haumwi. Tunazuia."

Mama akaliachia shati likazama majini. "Mnazuia? Mpaka lini?"

Mkwe aliikamua nguo hadi tone la mwisho ndipo akajibu. "Pacha wamalize kwanza."

Pacha. Vitindamimba wake, aliowapata alipokwisha kukata tamaa ya kuzaa tena. Baba yao alifariki hata shule hawajaanza. Kaka yao ndiye aliyewanunulia sare ya kwanza, na sasa walikuwa chuoni, mmoja akisomea uuguzi, mwenzake ualimu. Kwa majirani mama hakuchoka kujisifia mwana huyo. Hakuwahi kujiuliza anatoa wapi karo yao.

"Kiwandani hafukuzwi mtu kwa mimba," mkwe aliendelea, sauti haina kinyongo, kana kwamba anamwelekeza mgeni njia. "Mkataba ukiisha tu, hawakuiti tena. Na yeye peke yake hawezi, mama. Mmoja wa pacha itabidi arudi nyumbani. Tulikaa tukaulizana arudi yupi. Tukashindwa."

"Na umri wako unakwenda."

"Unakwenda." Akaanika shati, akalinyoosha mikono. "Zamani nikipita duka la nguo za watoto nilikuwa nageuza shingo upande wa pili. Siku hizi napita tu. Hapo ndipo ninapoogopa."

 Mama aliinama akaendelea kufua nguo ambayo ilikwisha kutakata.

Jioni fundi alirudi, magoti meupe kwa saruji, akauliza kwa furaha kama mkewe amechoshwa na hadithi za mama. Mama akaona mvi zimeanza kumtokea kandokando ya masikio. Waache wadogo zako, mwanangu, jizalieni wenu: maneno hayo yalimfika kooni kabisa. Lakini kila alipotaka kuyatamka, sura mbili zilimjia, moja ikifanana na nyingine, akayameza pamoja na chai.

Siku ya kuondoka, mkwe alimsindikiza kituoni akiwa amembebea mkoba.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini, mama?"

 Simu ya mama ikaita. Alikuwa pacha wa uuguzi, anahema kwa furaha: amepangiwa hospitali ya mazoezi, mbali kidogo, atahitaji nauli na pa kulala.

Mkwe alikuwa akiangalia barabarani, akifunga na kufungua zipu ya mkoba.

"Mama? Unanisikia?" pacha aliuliza simuni.

"Nakusikia." Sauti ilimtoka ileile ya siku zote, laini, ya mama. "Nitamwambia kaka yako."