Mti wa Noeli wa Mama Joviana

Watu husema kinyongo hukausha maziwa ya mzazi. Basi Annastella ni ushahidi kwamba watu husema mengi. Alikuwa na kinyongo cha kujaza debe, na bado maziwa yalimbubujika mpaka yakalowanisha vitambaa alivyokuwa akishona, na mwanawe Mutembei akanenepa mashavu hadi shingo ikapotea.

Kinyongo hicho kilimlenga mtu mmoja, naye ni Joviana, mama mkwe wake.

Annastella ni fundi cherehani hapo kijijini Kagoma. Alipokuwa mjamzito, kila alipobakiwa na kipande kizuri cha kitambaa alikiweka kando, na wateja wakishaondoka anakishonea mtoto wake. Alishona vigauni vya flana, vikofia, suruali ndogo zisizotosha hata mkono wa mtu mzima, na shali la rangi ya maziwa ambalo pembeni alitarizi ndege wa njano. Vyote alivificha kwenye sanduku chini ya kitanda. Alijua vizuri wanavyoamini watu wa nyumba ile: mtoto hashonewi kabla hajazaliwa, kwa maana ukimwandalia nguo nyumbani unauita mkosi umtangulie. Yeye mwenyewe hakuamini sana, lakini aliogopa kiasi cha kuficha.

Siku moja Joviana aliinama chini ya kile kitanda akimtafuta kuku wake aliyezoea kutagia humo. Badala ya mayai akakutana na sanduku.

"Mawe, mama yangu! Mjukuu wangu!" Alipiga yowe mpaka majirani wakatoka migombani. "Njooni mwone! Huyu mukamwana, huyu mkwe wangu, anamchimbia mtoto kaburi kwa sindano!"

Annastella alipofika akitokea kibarazani kwake, tumbo mbele, mama mkwe alikuwa ameshakusanya nguo zote kwenye kanga na kuzipeleka nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Moshi mzito ukapanda. Majirani waliuona. Annastella aliuona pia, akasimama palepale akilia kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyemwambia pole. Mumewe, Kamugisha, ambaye kazi yake ni kununua kahawa kwa wakulima, alirudi jioni akasema yale anayosema siku zote: "Ni mama, vumilia. Amefanya kwa upendo."

Tangu siku hiyo Joviana hakuchoka kusimulia. Kanisani, kisimani, kwenye misiba, palipo na masikio mawili yeye alikuwa na hadithi moja: "Nilizichoma kwa mkono wangu huu. La sivyo, waitu, ndugu zangu, leo mngekuwa mnatupa pole."

Mutembei alizaliwa mvua za vuli zilipoanza, siku ya baridi, na nguo ya kumvika haikuwapo. Nesi aliuliza, "Vya mtoto viko wapi?" Annastella akatazama ukuta. Nesi akamsema mbele ya wazazi wote wa wodi ile, eti wanawake wa siku hizi wanajua kubeba mimba tu. Mwishowe mtoto alifungwa ndani ya sweta la Kamugisha, lenye harufu ya kahawa mbichi, mikono ya sweta ikazungushwa na kufungwa fundo kifuani. Wifi yake Annastella, Renatha, binti kipenzi wa Joviana aliyeolewa Bukoba mjini, alikuja kutazama mtoto, akapiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Chini yake aliandika: "Karibu mtoto wetu, umefungwa kama senene wa kupelekwa mjini." Ukoo mzima ulicheka, mpaka wale wa Dar es Salaam.

Renatha naye wakati huo alikuwa mjamzito, mimba ya miezi sita ya kuringia.

Disemba ilipofika, Joviana alimwita mkwewe akamketisha kwa heshima isiyo ya kawaida. Noeli hii wangekuja wageni wakubwa: Renatha, mumewe, na mama mkwe wa Renatha mwenyewe, Kokugonza, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye Joviana alimwogopa kuliko homa.

"Wewe una mikono, mwanangu," alisema. "Nipambie nyumba. Nipambie mti mpaka hao watu wa mjini washangae. Na usiniwekee mapambo ya kuanguka kesho yake. Mapambo hayashushwi kabla ya Epifania, sikukuu ya Januari; anayeshusha mapema ni mpagani. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Hivyo ndivyo Annastella alivyokwenda Bukoba, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, kununua riboni za mti na angalau suti moja mpya ya Mutembei ya sikukuu. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Varsha, ambako hununua nyuzi na lesi miaka yote. Varsha ni mama wa makamo, na duka lake la vitambaa ni kati ya yale machache ya familia za Kihindi yaliyobaki mtaa ule. Walisalimiana, Varsha akambembeleza mtoto, akamtafutia suti ya bluu yenye mifuko. Kisha akasema kitu kwa moyo mweupe kabisa.

"Na ile kazi yako, dada, hata mimi imenishangaza. Lile shali! Vifungo vimeshabadilishwa, kama mama mkwe wako alivyotaka."

"Kazi ipi?" aliuliza Annastella.

Varsha akainama chini ya kaunta akatoa kifurushi. Akakifungua.

Vigauni vya flana. Vikofia. Visuruali. Shali la rangi ya maziwa, ila pale alipokuwa ndege wa njano pameshonewa ua la waridi lililonunuliwa. Annastella alilifunua pembeni kwa kidole. Ndege alikuwepo chini yake, amezibwa kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Alisema umemshonea wifi yako zawadi," Varsha aliendelea. "Akaniomba nizihifadhi hapa mpaka mtoto azaliwe. Hataki ziguse nyumba kabla. Mambo ya mila yenu, nikaelewa."

Damu ilimpanda Annastella kichwani mpaka masikio yakavuma. Kumbe moshi ule ulikuwa wa uongo. Kumbe mwanawe alifungwa sweta huku nguo zake zimetulia kwenye rafu zikimsubiri mtoto wa Renatha! Angeweza kulia. Angeweza kumsimulia Varsha yote. Badala yake alijisikia akitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha hata yeye.

"Ndiyo," alisema. "Mama amenituma nizichukue."

Alinunua riboni nyekundu, ndefu, zaidi ya alizokuwa amepanga.

Siku zilizofuata alishona kama mwendawazimu. Alifumua lile ua la waridi, ndege wa njano akapata hewa. Aliviondoa vifungo vipya akarudisha vya aina yake. Alinyoosha kila kigauni kwa pasi ya mkaa. Mutembei akilia anamnyonyesha palepale juu ya cherehani, mguu ukiendelea kukanyaga. Kuna wakati mkono ulisita. Mtoto wa Renatha tumboni alikuwa na kosa gani? Lakini Annastella alijijibu mwenyewe kwamba nguo haijapata kuua mtu, na anayeamini inaua ndiye atakayeogopa. Akaendelea kushona.

Asubuhi ya Noeli wote walikwenda misa. Annastella alibaki na ndizi jikoni na mtoto mgongoni. Mti ulikuwa tayari sebuleni, msonobari mbichi ndani ya ndoo ya mchanga, una pamba na taa ndogondogo tu. Joviana alikuwa ameukagua usiku uliopita akasema, "Bado mtupu." Ni kweli, ulikuwa mtupu. Annastella alifunga mlango, akafungua sanduku lake, akaupamba. Kila kigauni kilipata riboni nyekundu na tawi lake. Visuruali vilining'inia pembeni, vikofia juu kidogo. Juu kabisa, mahali pa nyota, alilitandaza shali, ndege akitazama mlangoni. Ulikuwa mti mzuri kweli. Hata adui angesema hivyo.

Walirudi wakiimba. Joviana alikuwa mbele, gauni lake la gomesi limemkaa vyema, amemshika Kokugonza mkono. Renatha alifuata taratibu, tumbo limefika pale tumbo linapofika mwezi wa mwisho. Nyuma yao mzee Rutaihwa, mume wa Joviana, pamoja na Kamugisha, mashangazi na majirani waliokuja kunywa rubisi, pombe ya ndizi.

"Karibuni, karibuni mwone kazi ya mkwe wangu," alisema Joviana akisukuma mlango, bado anamtazama mgeni wake.

Kokugonza aliingia, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Akamzuia Renatha kwa mkono asivuke kizingiti.

"Nguo hizi za mtoto," alisema polepole, "ni za nani?"

Hapo ndipo Joviana alipotazama mti. Uso ulimshuka.

"Mimi nimepamba tu, mama," alisema Annastella akimpapasa Mutembei mgongoni. "Nilizikuta dukani kwa Varsha. Nikaambiwa mama ndiye aliyezipeleka, na kwamba ni za mtoto wa wifi. Kama nimekosea, mama mwenyewe atasema."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Joviana alikuwa amesimama kwenye shimo alilolichimba, na pande zote mbili ni kuta. Akisema nguo ni za Renatha, basi amemwandalia binti yake mkosi, na mkosi huo unaning'inia mbele ya tumbo lake na mbele ya mama mkwe wake. Akisema si za Renatha, ni za nani tena? Kijiji kizima kilikuwa kinajua za Annastella zilichomwa moto.

"Mama?" Renatha aliita kutoka nje. Alikuwa amelishika tumbo kwa mikono miwili. "Mama, ni zangu? Si ulisema umeagiza mpya?"

"Joviana," alisema mzee Rutaihwa, ambaye kwa kawaida husema neno moja kwa wiki. "Sema."

Joviana alimtazama binti yake. Annastella alimwona akimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mwanamke huyu kweli anaogopa, kwamba imani yake haikuwa maigizo. Aliamini mkosi ule kwa mtoto wa Renatha kwa moyo wake wote. Kwa Mutembei ilikuwa fimbo tu ya kumchapia mkwe. Jambo hilo lilimchoma Annastella kuliko wizi wenyewe.

"Si za Renatha," Joviana alisema hatimaye. "Mwanangu asisemewe maneno. Ni za Annastella. Alimshonea Mutembei. Sikuzichoma."

"Na ule moshi?" aliuliza jirani mmoja.

"Majani makavu ya migomba."

Kisha shangazi mmoja aliyekwishaonja rubisi akacheka, akacheka tena, na kicheko kikashika baraza zima kama moto kwenye nyasi. "Alizichoma kwa mkono wake huu!" mtu alisema, na wengine wakaunyanyua mkono wao wa kulia. Kokugonza hakucheka. Aliingia, akazigusa zile nguo moja moja, akamgeukia Joviana. "Kwa hiyo mjukuu wangu angevikwa vya wizi," alisema, na hakumsemesha tena mchana kutwa. Renatha alilia chumbani, na chakula chake kikapoa.

Kamugisha alimfuata mkewe jikoni. "Umemwaibisha mama siku ya Noeli," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nimepamba mti," alijibu Annastella. "Mwanao alizaliwa akavaa sweta lako. Nenda kamuulize mama yako kuhusu aibu."

Kamugisha akachukua kuni akaziongeza motoni, asiseme vumilia.

Wageni walipokuwa wakila, Annastella aliingia sebuleni peke yake. Alikuwa ameisubiri saa hii tangu siku ile dukani kwa Varsha. Akashusha kikofia kimoja, kile alichokipenda kuliko vyote, akamvika Mutembei. Kofia ikakaa utosini kama kifuniko cha chupa. Akaivuta, mtoto akakunja uso. Akajaribu kigauni. Hakikupita hata mabegani. Alikuwa ameshinda, na hakuna kitu hata kimoja kwenye mti ule ambacho mwanawe angeweza kukivaa tena maishani. Machozi yalimtoka, ya hasira tupu. Akakirudisha kikofia kwenye tawi lake, akakaza riboni.

Kesho yake asubuhi alimkuta mama mkwe amepanda juu ya kigoda, mkono umefika kwenye shali.

"Acha, mama," alisema.

"Nazishusha, mwanangu. Imetosha. Leo watakuja watu wa jumuiya, kesho paroko. Watu wote wataona." Joviana alikuwa amezeeka usiku mmoja. "Chukua vitu vyako. Nakuomba."

Annastella angeweza kusema sawa. Neno lilikuwa jepesi na lilikuwa karibu.

"Mapambo hayashushwi kabla ya Epifania," alisema. "Anayeshusha mapema ni mpagani. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Joviana alishuka taratibu kwenye kigoda, akakaa kwenye kiti kilicho chini ya mti, mikono mapajani. Nje mtu alipiga hodi, kisha wa pili, sauti za akina mama wa jumuiya wakisindikizana, vicheko vyao wamevibana. Annastella alikaza mbeleko, akaenda kufungua mlango.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Ingieni mwone mti."