Huko Nyuma Kukoje

"Palikuwa na mwanamke mmoja mbaya sana," Vidole alisoma kwa hasira. "Alikuwa na roho mbaya, mdomo mbaya na tabia mbaya. Alimwonea msichana mmoja asiye na kosa. Siku moja akagongwa na lori akafa. Mwisho."

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha maktaba. Mlinzi wa benki, aliyekaa karibu na mlango na sare yake ya kazi, akauliza kwa upole, "Lori lenyewe lilibeba nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Vidole hakucheka. Hadithi ile alikuwa ameiandika na kuifuta wiki nzima, na kila alipofika kwenye lori roho yake iliburudika kwelikweli. Leo watu wanamuuliza habari za mzigo.

Mkutubi alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa dada mwembamba mwenye miwani mikubwa, na ndiye aliyeanzisha darasa hilo la Jumamosi kwa watu ambao hawajawahi kuandika chochote zaidi ya ujumbe wa simu.

"Dada Vidole, mimi huyu mama simwoni," alisema. "Umeniambia ni mbaya, nimekuamini. Lakini akiingia kwa mlango huo sasa hivi, nitamkaribisha kiti. Kuna kitu gani chake ulichokiona wewe peke yako?"

"Roho mbaya."

"Roho uliionea wapi?"

Vidole akaikunja karatasi. Mlinzi naye akainama kuficha meno, ingawa hadithi yake mwenyewe ilikuwa na risasi nyingi kuliko maneno.

"Na jambo jingine," mkutubi aliendelea, akiwatazama wote. "Hapa hatumtaji mtu kwa jina wala kwa duka lake. Sitaki kesi. Mbadilishe kazi, mbadilishe umbo, mvishe nguo nyingine. Akibaki yuleyule, hapo ndipo utajua umempata."

Vidole aliitumbukiza karatasi kwenye mkoba, katikati ya vitana na vibanio. Hakuja kujifunza kuvisha watu nguo. Alikuja kulipiza kisasi, na tuseme ukweli, alikuwa na haki.

Jina la Vidole alipewa saluni, kwa ile kasi yake ya kusuka. Saluni yenyewe ilikuwa ya Madam, kwenye kona ya barabara ya soko, yenye vioo virefu na foleni isiyokwisha. Madam alimchukua akiwa hajui hata kupasua mstari ulionyooka, akamfundisha, akamtumia mpaka akamchosha. Ila Vidole hakulalamika. Siku alipomwambia kwamba anataka kujitegemea, afungue kibanda chake kidogo kwenye baraza ya shangazi yake, Madam alimkumbatia mbele ya wateja na kumtakia kila la heri. Machozi kidogo yalimtoka Madam siku hiyo. Yule mama angeigiza vizuri sana jukwaani.

Kabla Vidole hajafungua hata pakiti moja ya rasta, maneno yalikwisha mtangulia. Vidole ana mkono mbaya. Akikushika, nywele zinakatika. Madam aliyasema kwa huruma, taratibu, akimwosha mteja kichwa: masikini, si kosa lake, ni mkono tu. Wateja humsamehe msusi mambo mengi. Watamsamehe kuchelewa, watamsamehe umbea, watamsamehe hata kuwavuta nywele mpaka macho yakapanda. Mkono mbaya hawausamehi.

Basi kile kiti cha wateja pale barazani kikawa cha kuanikia taulo. Kioo kikawa cha shangazi kujitazamia akienda sokoni. Vidole alijipa mpaka mwisho wa mwaka; baada ya hapo angeuza vyote aende kufanya kazi za ndani kwa watu, apige deki nyumba za wanawake walewale aliowasuka.

"Nenda ukamtukane yaishe," shangazi alimshauri.

"Nikimtukana watasema nina wivu, shangazi."

"Kwani huna?"

"Ninao! Lakini siyo huo watakaousema."

Ndipo alipoona tangazo mlangoni pa maktaba. Darasa la uandishi kwa wanaoanza, bure, na mwisho wa darasa kila mmoja atasoma hadithi yake mbele ya wakazi. Mgeni rasmi angekuwa Madam, kwa kuwa ndiye aliyejitolea viti. Vidole alilisoma tangazo mara mbili, akaingia ndani kujiandikisha hata hajafunga mwavuli.

Baada ya Jumamosi ya lori, alishindwa kuandika. Alijaribu kumfanya mwanamke wake mrefu, akawa mnazi. Alijaribu kumfanya tajiri, akawa tajiri tu. Akimchora uso, kalamu inakwama. Macho ya Madam yakoje? Yana rangi gani? Alikaa na yule mama miaka na miaka, na sasa anamkumbuka vibaya kuliko muuza maandazi.

Jibu lilimjia akiwa anamsuka shangazi, mteja pekee aliyebaki. Shangazi alikuwa amekaa chini kwenye kigoda, amempa mgongo, anasimulia ugomvi wa jirani. Vidole akapasua mstari, akapaka mafuta, akashika nywele za chini kabisa, zile laini za shingoni. Mikono ikamsimama.

"Nini?" shangazi akauliza. "Umeona mvi?"

"Nimeona kisogo."

"Ulitegemea uone nini huko, pua?"

Vidole alicheka peke yake. Uso wa Madam ulikuwa wa kila mtu: wa wateja, wa jirani, wa fundi wa umeme. Kisogo chake kilikuwa cha Vidole. Alikijua kuliko alivyojua kiganja chake. Na kisogoni mle mlikuwa na kitu.

Ilitokea siku ya harusi ya mpwa wa Madam. Madam alijipaka mwenyewe dawa ya kulainisha nywele, kwa sababu kwenye dawa hakumwamini mtu, kisha simu ikaita. Ilikuwa simu ya umbea, na umbea mtamu. Alipokumbuka kichwa chake, dawa ilikuwa imekwisha kula ngozi. Kidonda kikapona, kikaacha kovu jororo, jeupe-jeupe, la ukubwa wa kifungo cha koti, nywele zisiote tena.

"Huko nyuma kukoje?" Madam alimuuliza zilipopita wiki kadhaa. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Vidole hakuwahi kuisikia kwake.

Vidole akamwonea huruma. "Kuzuri, Madam. Kumejaa."

Tangu siku hiyo, kila alipomsuka alianzia mistari upande, akavuta nywele kutoka nyuma ya sikio la kushoto, akazilaza juu ya kovu na kuzibana kwa kibanio kimoja. Hakuna aliyejua. Madam mwenyewe hakujua, maana kichwa chake hakukigusa. Kukiosha ni Vidole, kukisuka ni Vidole, na akitoka hapo ni kilemba. Kila mara aliuliza, na kila mara alijibiwa kumejaa. Na mtu aliyehifadhiwa namna hiyo ndiye akaenda kusema mkono wa Vidole unakata nywele!

Alimaliza kumsuka shangazi kwa haraka isiyo ya heshima, akachukua kalamu. Safari hii hakuanza na ubaya. Aliandika: Mwanamke huyu hakuwahi kuona kisogo chake.

Jumamosi iliyofuata alisoma ukurasa mmoja. Mwanamke wake sasa alikuwa muuza mapazia, mrefu, mkimya, mwenye gari. Hakuwa na chochote cha Madam isipokuwa kovu, simu, na msichana wa kazi aliyelificha kovu hilo kwa mapenzi mpaka akafukuziwa wateja kwa uongo. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

"Huyu sasa namwona," mkutubi alisema polepole. Akavua miwani, akamtazama. "Ni mtu wa kweli?"

"Mtu gani? Mimi simjui muuza mapazia yeyote."

"Huyu hata lori hahitaji," mlinzi akasema.

Siku ya kusoma ilikuwa Jumamosi asubuhi. Viti vya Madam vilijaza ukumbi wa mbele wa maktaba, na wanawake wa mtaa walijaza viti. Wengi walikuwa wateja. Walimwona Vidole wakajikuna vichwa bila kujua, wakahamia safu za nyuma kidogo. Madam aliingia mwisho, kama wageni rasmi wanavyoingia, akakaa safu ya mbele katikati, amevaa gauni la kijani. Leo hakufunga kilemba; nywele zake zilikuwa zimevutwa zote juu na kufungwa utosini. Yule binti mpya wa saluni alikuwa amemsuka vizuri tu. Hakuna aliyemwambia kwamba Madam hasukwi kwa juu.

Vidole alisimama mbele ya meza. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanatazamana sawasawa. Macho ya Madam, aligundua, yalikuwa madogo na ya kirafiki. Alichukia kuyaona hivyo. Akaanza kusoma.

Madam alicheka tangu mwanzo. Muuza mapazia alipojipaka dawa, akasema kwa sauti, "Hao wapo!" Simu ya umbea ilipoita na dawa ikisahaulika, alipiga magoti yake kwa viganja. "Mwanamke gani huyo! Jamani, wapo watu!"

Nyuma yake walicheka pia, mwanzoni. Vidole akafika kwenye kovu. Akasoma taratibu, neno kwa neno, bila kuinua kichwa: kovu jororo, la ukubwa wa kifungo cha koti, chini kidogo ya kisogo, kushoto. Alipoinua macho, kicheko cha safu ya pili kilikuwa kimekatika. Mama mmoja, aliyekaa nyuma ya Madam kabisa, alikuwa amekodoa macho shingoni mwake. Alimpiga jirani yake kiwiko. Jirani akainamia wa nyuma. Kutoka pale mbele Vidole hakuliona lile kovu, lakini aliliona linavyosafiri, safu hadi safu, katika nyuso za wanawake, mpaka ukutani.

Utamu aliousikia hauna jina. Akawasomea jinsi yule msichana wa kazi alivyolificha kovu kwa kibanio kimoja. Akawasomea uongo wa muuza mapazia, kwa sauti ileile ya huruma: masikini, si kosa lake, ni mkono tu. Madam peke yake ndiye aliyekuwa bado anacheka, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio wa begani, kichwa akikitikisa huku na huku ili kila mtu aone vizuri.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mlinzi, ingawa yeye alikuwa ameua watu saba.

Watu walipoanza kusimama, Madam alimjia moja kwa moja, mikono imenyooka. "Wewe mtoto! Kumbe una kipaji, umekificha!" Akamkumbatia kama siku ile ya kuagana. "Huyo mama wa mapazia umemtoa wapi? Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Sasa sikiliza, yaliyopita yamepita. Huyu binti niliye naye anajitahidi, lakini hana mkono wako."

Alilisema kwa sauti yake ya saluni, inayofika barabarani. Wanawake waliokuwa wanatoka wakasimama palepale. Mkutubi, aliyekuwa anakusanya karatasi, akasimama pia, na Vidole akaona kwamba mkutubi ametambua.

"Hata leo sina uhakika amenifanyaje," Madam akasema. Akageuka, akampa mgongo, akainamisha kichwa kidogo kama alivyozoea miaka yote. Sauti yake ikawa ndogo. "Hebu nitazamie, mwanangu. Huko nyuma kukoje?"

Lilikuwa pale, wazi, liking'aa kwa mafuta. Lingefunikika kwa dakika moja tu; kushusha nywele kidogo kutoka nyuma ya sikio la kushoto, kuzilaza, kubana. Vidole alihisi mikono yake inapanda yenyewe. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama. Akaishusha.

"Kuzuri, Madam," alisema. "Kumejaa."

Madam akashusha pumzi, akampapasa shavu, akatoka. Mtu alimpa lifti akakataa. Jua lilikuwa zuri, alisema, acha atembee asalimie watu. Vidole akasogea dirishani. Mwanamke wa safu ya pili akaja akasimama kando yake, akajishika kichwa.

"Vidole, kesho una nafasi?"

"Ninayo."

Nje, barabara ya soko ilikuwa imejaa. Madam alipita katikati yake na gauni lake la kijani, shingo juu, akipunga mkono kulia na kushoto, na kila alikopita watu walimwitikia, kisha wakageuka kumtazama. Hakugeuka hata mara moja. Vidole alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona ya saluni. Ndipo alipohisi kitu kinamchoma kiganjani, akafumbua mkono. Kilikuwa kibanio, na hakujua alikitoa kwenye mkoba saa ngapi.