Rangi ya Ruthu Ilivyorudi Mkonze

Kabla hakujapambazuka, jiwe la kusagia lilianza kulia ndani ya tembe la Bibi Loisi, huko Mkonze. Lililia taratibu, kama linaendeshwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wengine. Bibi Loisi alilala akisikiliza, akafurahi. Tangu mjukuu wake Ruthu achumbiwe, hakuwa amegusa jiwe lile. Alisema litamchubua viganja.

Alipotoka chumbani na kijinga cha moto, aliikuta rangi ya Ruthu imepiga magoti, inasaga uwele. Ilikuwa na kimo cha Ruthu, mabega ya Ruthu, na kovu juu ya nyusi pale alipopigwa teke na ndama utotoni. Ruthu mwenyewe alikuwa bado amelala upande wa pili wa ukuta.

"Mbukwa, Bibi," rangi ilisalimu.

"Mbukwa, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Magoti tu bado yana majimaji."

Bibi Loisi aliipa kipande cha kaniki ijifute, kisha akainjika uji.

Mambo yalikuwa hivi. Karibu na stesheni mpya ya reli, pale Dodoma, Bashiri wa Kondoa alikuwa na duka, na ukutani mwa duka Wadachi walikuwa wamegongomea kibao cha bati chenye picha. Mtoto mweusi amekaa ndani ya beseni. Kutoka shingoni kwenda chini amekuwa mweupe, na mama wa Kizungu anatabasamu, kipande cha sabuni mkononi. Watu waliokwenda kununua chumvi waliitazama. Waliokwenda kununua majembe waliitazama. Baada ya msimu mmoja hakuna aliyehitaji kuelezwa. Maneno ya chini aliyajua Silvano, karani wa mizigo na mchumba wa Ruthu. Alimsomea Ruthu yote, kisha akamwambia, "Ukiwa hivi nitakuoa, na hata kwa Mdachi mkuu wa stesheni nitakupeleka bila kuona haya."

Ruthu alinunua sabuni ile, akaenda korongoni, akachimba kisima mchangani kwa mikono, akanawa. Sabuni ilifanya kazi iliyoandikwa. Yule mama wa kwenye picha bila shaka maji yake aliyamwaga. Lakini Ugogo maji hayamwagwi. Hata ya kunawia miguu hupelekwa kwenye maboga. Ruthu akajitwisha chungu chake cha maji meusi hadi nyumbani, akakiweka karibu na ndama. Alfajiri rangi ikatoka chunguni, ikaona hakuna unga, ikaanza kusaga.

Ruthu aliamka, mweupe kama bua lililomenywa.

"Hiyo imefuata nini hapa?"

"Amesaga," alisema Bibi Loisi. "Kunywa uji."

"Ifukuze, Bibi. Silvano anakuja leo."

"Nimfukuzeje mtu aliyeamka kabla yangu?"

Ruthu akaanza kulia. "Wewe hujui. Miaka yote pale dukani nasimama juani, nangoja mpaka wengine wote waishe. Jana nimepita na chungu changu kichwani, nimeshanawa, Bashiri akanipa kiti."

Bibi Loisi alimmiminia uji. Kiti kile alikijua. Kilikuwepo siku zote.

Jua lilipopanda, shangazi Dorkasi alifika na wanawake wa ukoo, akiwa na kibuyu cha samli na udongo mwekundu, maana bibi harusi wa Kigogo hatoki kwao bila kupakwa. Alimpaka Ruthu mabegani. Udongo ukateleza, ukakusanyika miguuni. Akaongeza samli, akapaka tena. Ukateleza tena. Dorkasi hakubishana nao. Aliigeukia rangi, iliyokuwa inapepeta unga, akaipaka, na udongo ukashika, ukang'aa.

"Basi bibi harusi ni huyu," alisema. "Mimi nafuata udongo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ruthu alitazama ukutani.

Bibi Loisi alitaka jambo moja tu: mtoto aondoke kwao akiwa mzima. Silvano alipofika na viatu vyake vinavyolia, Bibi alisimama mbele yake mlangoni.

"Mwanangu, kwetu binti hatolewi nusu. Mchukue na huyu. Hali chakula kingi, na anasaga vizuri. Pengine mkikaa naye watarudi kuwa mmoja."

Rangi ilimpa Silvano mikono miwili. Hakuipokea.

"Bibi, hiyo niliambiwa imeshatoka."

"Alitoka mwilini. Akarudi kwao."

"Na wewe, baba," Dorkasi akadakia, "mbona mweusi kama chungu cha mlenda? Utanawa lini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Silvano aliinama, akafuta vumbi kiatuni.

"Mimi nina kazi, shangazi."

Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini, na baba wakubwa walikuwa wameshakunywa pombe ya harusi, kwa hiyo hakuna mwanamume aliyesimama upande wa Bibi Loisi. Silvano alimshika Ruthu mkono wakaondoka. Rangi ilibaki mlangoni na udongo wake mwekundu, kisha ikaenda kuwatoa ndama.

Mkonze waliizoea. Ilichota maji, ilipalilia, na jirani akiugua ilikuwa ya kwanza kumpelekea kuni. Kufikia masika, nyumba nyingine nazo zilikuwa na rangi zao zikisaga. Sabuni ya Bashiri iliisha, ikaletwa nyingine. Wadachi wakagongomea kibao cha pili, kikubwa zaidi, ambacho mtu angeweza kukiona akiwa ndani ya garimoshi.

Ruthu alikaa kwenye nyumba za reli na mchana hakutoka. Jua lilikuwa linamtoa malengelenge. Silvano alikuwa amempeleka kwa Mdachi mkuu wa stesheni, kama alivyoahidi. Mdachi hakuinua macho kutoka kwenye kahawa yake.

Siku moja Bibi Loisi alifunga unga wa uwele na mlenda mkavu, akaituma rangi mjini. Ruthu aliifungulia. Rangi iliweka mzigo chini, ikaiona mikono ya Ruthu, ikaiwekea viganja juu ya malengelenge na kuviacha hapo mpaka maumivu yakatulia.

Viatu vya Silvano viliposikika kwenye kokoto za reli, rangi ilikunja kitambaa cha mzigo.

"Bibi anakusalimu. Anasema maboga yamezaa."

Ruthu alichungulia nje kwanza, kuona kama kuna jirani anayetazama.

"Uje tena," alisema. "Lakini pitia uani."