Pengo Baada ya "Acha!"

Wilko alimpiga kijana wa magari ya kugongana kichwa cha pua, pale kwenye maonyesho, mchana kweupe, mbele ya watoto walioshika sukari ya pamba. Kosa la kijana lilikuwa moja tu: alikataa kuzima muziki.

"Zima, nimesema!"

"Nizime? Huu si ndio wimbo wenyewe, bro! Mji mzima unau..."

Puh! Kijana akaketi chini, damu ikamchuruzika mpaka kwenye fulana yake yenye ile sura ya njano inayotabasamu. Muziki ukaendelea. Nani angeuzima?

Lorraine Haslam hata hakuiona damu. Alisimama na chipsi zake, siki ikimwagikia viatuni, masikio yote kwenye spika. Besi ilikuwa ikikwaruza na kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, ngoma ya mashine ikatwanga, kisha ikaja sauti ya mwanamume, neno moja: "Acha!" Baada ya neno, pengo, ngoma tupu. Halafu tena: "Acha!" Vijana waliokuwa ndani ya magari wakarusha mikono juu na kuitikia kwa raha zao. Majira yote yale ya kiangazi mji wa Harnley haukusikia kingine ila muziki wa asidi, ule wa mashine na besi ya kulia, na katika muziki wote wa asidi hakuna uliopendwa kama huu. Wanaume waliozoea kuchanana nyuso kila Jumamosi baada ya mpira, sasa walikumbatiana wakicheza, jasho linawatoka, wakipiga kelele za "Acha!"

Lakini sauti ile Lorraine aliijua. Ndiyo iliyomgombeza tangu utotoni atoke bafuni. Ilikuwa ya kaka yake, Craig, na Craig alikuwa kaburini mwaka wa pili.

"Wilko, ni Craig yule."

"Nani? Acha upuuzi, mpenzi. Twende nyumbani, kichwa kinaniuma." Wilko alikuwa mweupe kama karatasi, kwa hasira tu. Ndivyo Lorraine alivyofikiri: mwanamume ana hasira kwa ajili yangu.

Na kwa nini asifikiri hivyo? Craig alichomwa kisu Mtaa wa Gasi, nyuma ya uwanja wa mpira, siku mashabiki wa timu yake na wale wageni wa timu pinzani walipokutana na mawe na chupa. Wilko, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyesema ni wageni waliomchoma. Wilko ndiye aliyembeba mikononi mpaka barabara kuu, akalibeba na jeneza, na baada ya msiba akambeba na Lorraine. Pete yake ya uchumba ilikuwa kidoleni mwa Lorraine siku ile ya maonyesho.

Kesho yake Lorraine akaenda duka la santuri. Sahani yenyewe ilikuwa na lebo nyeupe pe, haina jina la mtu, kama walivyotengeneza wote wa muziki ule. Wananasa sauti huku na huku, kwenye santuri za zamani, redioni, barabarani, na wala hawasemi wameitoa wapi.

"Anazileta mwenyewe kwenye begi," mwenye duka akamwambia. "Lennox. Yule wa Mtaa wa Gasi, juu ya duka la chipsi."

Mtaa wa Gasi! Lorraine alimwambia Wilko usiku uleule kwamba ataenda, na Wilko alipoona hazuiliki, akasema, "Basi hutaenda peke yako." Asubuhi akaja na nyundo ndani ya koti.

Lennox Whyte alikuwa kijana mrefu mwembamba, anayeishi na mama yake. Alipofungua mlango akamwona Lorraine, hakustuka. Akamwona Wilko nyuma yake, uso ukageuka majivu.

"Mimi sijui kitu," akasema kabla hajaulizwa.

Wilko akamsukuma mpaka chumbani. Dirisha lilitazama mtaani, pale pale alipoangukia Craig. Mezani kulikuwa na kile kisanduku cha besi, mashine ya ngoma na kinanda cha kunasa sauti na kuzirudia kwa vitufe, kinanguruma.

"Kaka yangu alikufa chini ya dirisha lako," Lorraine akasema. "Ukamnasa. Ukamfanya ngoma ya watu kuchezea. Huna haya wewe? Huna mama?"

"Dada, sikiliza. Nilikuwa nanasa kelele za mashabiki, kinasa sauti kiko dirishani. Sikujua nitakachopata. Mwaka mzima silali, nikilala naisikia. Nikasema nikiikata, nikiipigia ngoma, labda itakuwa mdundo tu, itanitoka..."

"Kaseti iko wapi?" Wilko akamkatiza.

"Bro, niache..."

Nyundo ikashuka. Ya kwanza ilitua kwenye vidole vya mkono wa kulia, na mlio wake Lorraine hakuusahau. Ya pili mdomoni. Lennox akaanguka, Wilko akamkanyaga mbavu, akarudia, akarudia tena, na Lorraine, jamani, lazima lisemwe: Lorraine alisimama akaona sawa. Alimwona Lennox mdomo wazi, meno chini, akaona ni halali yake. Mpaka Lennox akaonyesha droo kwa mkono uliobaki mzima.

Wilko akaichukua kaseti. Lorraine akanyoosha mkono apewe, Wilko hakumpa. Akaingiza kidole, akavuta utepe wote nje, akaukatakata kwa meno kama mtu mwenye njaa.

"Wilko! Ya nini? Nilitaka kumsikia!"

"Utajiumiza bure. Imekwisha. Tumemaliza." Akaweka nyundo mezani, akafuta mikono kwenye pazia.

Hapo ndipo Lennox aliposema, kwa mdomo uliojaa damu, neno moja moja: "Dada. Kinanda. Kitufe chenye plasta. Mimi hukigusa tu... nikakiachia. Wewe shikilia."

Kulikuwa na kitufe kimoja cha kinanda kilichobandikwa kipande cha plasta ya jeraha. Lorraine akakibonyeza.

"Acha!" Craig akasema. Lorraine hakuachia.

"Acha, Wilko! Yuko chini, mwache! Wilko, kis..."

Kimya. Wilko alikuwa amechomoa waya ukutani, na mashine zile zikizimwa husahau kila kitu.

Walitazamana. Pale chumbani hapakuwa na haja ya kuelezana. Kulikuwa na mgeni aliyekwisha anguka, Wilko anamchoma akiwa chini, na Craig, mjinga wake Craig mwenye moyo, alimshika mkono, kisu kikamgeukia yeye.

"Umesikia nini?" Wilko akauliza taratibu.

"Nimemsikia kaka yangu."

Mikono yote miwili ya Wilko ikamkaba shingo. Akamkandamiza kwenye meza, vidole gumba kooni, machozi yakimtoka yeye mwenyewe, mnyama yule, akisema, "Nakupenda, nakupenda, usingekuja." Lorraine akapapasa, akagusa mpini wa nyundo, akampiga mtulinga ukavunjika. Wilko akapiga ukelele, akateremka ngazi akigonga kuta.

Polisi waliandika wee, kisha wakauliza ushahidi. Kaseti? Imetafunwa. Kinanda? Kimesahau. Lennox? Taya limefungwa waya, na mama yake kamhamishia kwa shangazi Birmingham, hataki tena kusikia habari za Harnley. Wilko alisema demu amechanganyikiwa kwa msiba, kamvunja mfupa mchumba wake. Na kundi zima la uwanjani lilimwamini. Baz, mkubwa wao, alimtemea Lorraine mate barabarani.

"Mtu alimbeba kaka yako, malaya wewe!"

Jumamosi ya kwanza ya ligi, Lorraine akaenda uwanjani. Koo lake lilikuwa limebaki na sauti ya kukwaruza. Akasimama upande wa mashabiki wa nyumbani, ngazi chache juu ya kundi la Baz, na Wilko yumo, mkono umefungwa kitambaa shingoni, anapewa bia kama shujaa. Kabla timu hazijaingia, spika za uwanja zikapiga ule wimbo. Zingepiga upi tena? Umati wote ukarusha mikono.

"Acha!"

Pengo.

Lorraine alikuwa amelisikia pengo lile mara ngapi, asijue ni la nini? Ni mahali Lennox alipolikata jina akaogopa kuweka kitu kingine.

"Acha!" wakaimba maelfu.

"Wilko!" Lorraine akapayuka.

Vijana waliokuwa karibu yake wakacheka. Lo, jina linaingia! Mara ya pili wakaitikia naye. Mara ya tatu ngazi nzima. Halafu ukuta mzima wa watu, makofi juu ya vichwa: "Acha! — Wilko! Acha! — Wilko!" Hata kundi lake likashika, wakimnyooshea vidole kwa utani, wakimtingisha bega lisiloumia, "Wewe, umeingia kwenye wimbo!"

Wilko aliziba masikio. Akasukuma wa kulia, akasukuma wa kushoto, hakuna pa kupita. Baz bado anacheka, akamshika mkono kumchezesha.

"Usinishike!" Wilko akalia kama mtoto. "Nilimwambia asinishike! Nilimwambia Craig asinishike mkono!"

Baz akaacha kucheka. "Ulimwambia nani?"

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Baz. Kisha buti, kisha wote, wale waliobeba jeneza pamoja naye, wamemzunguka, anazama katikati yao. Polisi walikuwa ng'ambo ya uzio wa chuma. Lorraine aliona mkono wa Wilko usiofungwa ukiinuka mara moja juu ya vichwa, mtupu, ukashuka.

Ndicho alichokitaka. Alikuwa amekitamani kila alipomeza mate kwa koo lile. Lakini spikani Craig alikuwa anaomba, mtu yuko chini, anaomba kama alivyoomba siku ile. Lorraine akaanza kuteremka ngazi, akiparamia migongo, akapiga kelele kwa sauti iliyobaki, "Acha! Baz, acha! Acheni!"

Hakuna aliyegeuka. Uwanja mzima ulikuwa unaimba neno hilo hilo.