Watoto wa Kalenda

Siku dada Careen alipoingia ofisini kwa kina mama na kiti chake cha plastiki, akakiweka nyuma ya mgongo wa mama yangu, wote walijua amekuja kufukuza mtu.

Mama alikuwa anachapa kwenye kompyuta, mradi wa afya hapa Ifakara. Vijana wa baiskeli walikuwa wanazunguka Idete, Lupiro, mpaka Chita huko, wanauliza kila nyumba nani kazaliwa na nani kafa. Makaratasi yanaletwa kwa kina mama watatu, wanayaingiza kwenye mashine: mama yangu, mama Balbina na dada Agnetha. Na mwaka ule wa tisini na sita kulikuwa na kesi. Vijana wakirudi kwenye nyumba wanaambiwa mtoto waliyemwandika hayupo, hajawahi kuwepo, yupo mwingine kabisa. Mzee Raimundi, mkuu wa ofisi, akasema kuna mtu anatunga watoto hewa ili aonekane anajua kazi, na akimpata anaondoka. Sisi baba hayupo. Mama akiondoka pale, mimi na shule basi.

Ndiyo wiki hiyohiyo anatokea huyu dada. Kwao Lupiro, lakini alikuwa anasoma Ulaya. Mwanzo alikuwa mwalimu wa hesabu, akapata nafasi, sasa anatafuta ule udaktari wa vitabu. Alisema anasomea jinsi watu na kompyuta wanavyoelewana. Agnetha akamuuliza, kwa heshima zote, kama kweli kuna shule ya kukaa nyuma ya watu wanaochapa, maana na yeye angependa aende. Wakacheka. Mama hakucheka.

Halafu akaomba kitu cha ajabu zaidi. Alitaka kila mtu akiwa anachapa aseme kwa sauti yale yote anayowaza, na kaseti inarekodi. Mama akamjibu kwamba kama ni kuungama ataenda kwa padre Jumamosi, na padre hana kaseti. Kwa hiyo ikawa ile redio yake ya kurekodia ikiwashwa tu, wote watatu wanasema mashine ni nzuri, tunashukuru. Mama Balbina alishukuru mpaka upande wa pili wa kaseti. Dada Careen alikuwa anarudi gesti uso umemshuka. Alimwambia Agnetha kwamba akirudi Ulaya mikono mitupu, walimu wake watamwambia masomo yameishia hapo. Mama aliposikia akasema, wanaopeleleza ndivyo wanavyojifanya, wanalia njaa ili uwafungulie jiko.

Mimi nilikuwa likizo, kazi yangu kumpelekea mama chakula cha mchana. Siku moja nimeweka sufuria, nimeamkia shikamoo nikiangalia chini kama kawaida yangu, nataka kuondoka, dada Careen akamwomba mama anifundishe kidogo. Akasema yeye hatauliza swali lolote. Mama alimwangalia, akaniangalia na mimi. Siku nyingi alikuwa anatamani niijue ile mashine.

“Kaa,” akaniambia.

Nikakaa. Mama akaanza: usipige kama unatwanga mpunga, gusa. Mkono huo wa kushoto umeuacha nyumbani? Hiyo ikipiga kelele usiiogope, ina kiburi tu, inataka uiombe mara mbili. Agnetha anacheka huko pembeni. Mama alisahau kabisa kama kuna mtu nyuma. Nikafika kwenye karatasi ya nyumba moja ya Lupiro.

“Mama, huyu mtoto hana jina,” nikasema.

“Atalipata wapi? Siku walipomwandika ana siku nne, hajatolewa nje. Nani anampa jina mtoto aliye ndani bado?”

Nikajaribu kuruka. Mashine ikalia, ikagoma.

“Haitaki pengo,” mama akasema. “Ukiacha wazi inasimama, na mzee Raimundi hataki isimame. Kazaliwa lini?”

“Aprili ishirini na moja.”

“Haya, tazama kalenda ya misheni hapo ukutani. Mtakatifu gani?”

“Anselimi.”

“Basi ni Anselimi. Mwandike.”

Nikasoma tena karatasi. “Lakini mama, baba yake anaitwa Saidi.”

“Ndiyo ameshabatizwa hivyo,” akasema Agnetha, na mama naye akacheka.

Nilipogeuka nikaona taa nyekundu ya redio inawaka. Mama akafuata macho yangu. Kicheko kikamkatika. Wale watoto waliokuwa wanatafutwa, ambao hawajawahi kuwepo, sauti yake ilikuwa imewataja humo ndani, na ya kwangu pia.

Nyumbani hakula. Aliniuliza kama huyo dada alishawahi kunisimamisha njiani, kama alinipa chochote. Nikasema hapana. Akauliza tena baadaye, kwa njia nyingine, kama anayeuliza habari za shule. Sijui kama aliniamini.

Asubuhi tulienda wote. Mama akamwomba yule dada ile kaseti. Dada Careen akaitoa kwenye redio, akampa.

“Ni sauti yako, mama Eveline. Usiponiruhusu siipeleki popote.”

“Na nitajuaje kama hujatoa nakala nyingine?”

“Huwezi kujua,” akasema.

Mama akaifunga kwenye pindo la khanga. Alikaa nayo hivyo mpaka Ijumaa, kazini na kanisani.

Ijumaa mzee Raimundi akaita kikao. Mimi nilikuwa dirishani na sufuria, hakuna aliyenifukuza. Akamuuliza dada Careen, kwa muda wote aliokaa mle, ameona nini. Akajibu ameona mashine inakataa mtoto asiye na jina, wakati huku kila mtoto anakaa bila jina kwanza. Irekebishwe mashine. Mzee akasema hakuuliza mashine, ameuliza mtu.

“Mtu sisemi.”

“Basi kibali chako kimeishia leo.”

Dada Careen hakubishana. Akaanza kukunja nyaya zake. Mama alikuwa anawaangalia wale wawili, mmoja baada ya mwingine, na mimi namjua: alikuwa anasubiri kuona kama watakonyezana. Hawakukonyezana. Waya mmoja ulikuwa umeshika kwenye mguu wa meza, dada anauvuta hautoki, na macho yake yana maji.

Mama akasimama. Akasema yeye ndiye anayeandika majina ya kalenda, tangu mwanzo, kwa sababu mzee mwenyewe alisema mashine isisimame. Hajatunga mtoto. Mtoto yupo, jina tu ndilo la kuazima. Mzee akawageukia wengine. Agnetha akaangalia kucha zake, kisha akasema hata yeye. Mama Balbina mpaka leo hajasema kitu.

Hawakumfukuza. Walimtoa kwenye kompyuta miezi miwili, akawa anaongozana na vijana wa baiskeli kwenda kuwasahihisha wale watoto nyumba kwa nyumba. Fundi akaja kutoka Dar, siku hizi mashine inakubali pengo. Lakini kibali cha dada Careen hakikurudi. Mzee Raimundi akishasema, amesema.

Siku anaondoka mama alinichukua tukaenda stesheni ya TAZARA. Dada Careen alishangaa kutuona. Mama akafungua pindo, akatoa kaseti, hakumpa bado.

“Wataisikiliza kina nani?”

“Walimu wangu. Na watu wanaotengeneza hizi mashine.”

“Wanajua Kiswahili?”

“Hawajui. Nitawatafsiria.”

Mama akaurudisha mkono kifuani. “Utawatafsiria yote, au yale yanayokufaa wewe?”

“Yote, mama Eveline. Hata ule mpunga wa kutwanga.”

Mama akafikiri. Watu walikuwa wanapandisha magunia, treni inakaribia kuondoka. Akampa. Dada Careen akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto wa Lupiro, akapanda.

Tulisimama mpaka behewa la mwisho likapita. Nikamuuliza mama kama sasa anamwamini.

“Tutaona,” akasema.